Wasichana wa Kusini na Mlango wa Elimu ya Mitambo

Kila mwaka, ufuta ukisha kuuzwa na mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua, orodha za waliodahiliwa katika vyuo vikuu hutangazwa, na watu wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kama watu wa pembe nyingine za Tanzania, huzipekua katika simu zao wakitafuta jina la mpwa, la mtoto wa jirani, au la binti waliyemfundisha kusoma. Majina ya wasichana hayakosekani humo. Yamo katika ualimu, katika uuguzi, katika sheria, katika uhasibu na katika maendeleo ya jamii. Lakini atakayetaka kujua ni wangapi miongoni mwao wanaokwenda kusomea uhandisi wa umeme, sayansi ya kompyuta, mawasiliano ya simu au uhandisi wa migodi, kidole chake kitateremka upesi kwenye kioo cha simu, kwa kuwa hapana pengi pa kukituliza.

Wanaojadili jambo hili aghalabu husimama kwenye lango la chuo na kulitazama lango lenyewe: alama zinazotakiwa, mikopo, mabweni, idadi ya wahadhiri wanawake. Yote hayo yana haki ya kujadiliwa. Hoja ya makala haya, walakini, ni kwamba mtu asimamaye pale amefika baada ya shughuli kwisha. Mlango unaowazuia wasichana walio wengi hufungwa karibu miaka mitano kabla, mwishoni mwa kidato cha pili, katika shule za kata ambazo watoto wa Kiegei, wilayani Nachingwea, na wa kata jirani husoma. Nao hufungwa bila barua wala tangazo, na mara nyingi kwa mkono wa binti mwenyewe.

Tuanze na historia, maana mitambo si kitu kigeni katika nchi hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake mashuhuri wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Wakaletwa mafundi kutoka ng'ambo, matrekta makubwa, hata vifaru vilivyotoka vitani vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa miti, na reli ikatandazwa kutoka pwani. Mpango ule ulianguka kabla haujatimiza miaka mitano, ukapoteza mamilioni ya pauni, kwa sababu watu walitanguliza mitambo wakaiacha nyuma elimu ya udongo, ya mvua na ya watu wenyewe. Na reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki mikononi mwa wenyeji kilikuwa ujuzi kidogo wa udereva na ufundi wa magari, nao ulibaki kwa wanaume, kwa kuwa hao ndio walioitwa kufundishwa. Mwanamke wa Nachingwea aliuona mtambo ukija, akauona ukiondoka, asiambiwe hata siku moja jinsi ulivyofanya kazi.

Uhuru uliukuta mgawanyo huo ukiwa tayari umepata hadhi ya desturi. Shule za ufundi za sekondari, kama za Ifunda, Moshi, Tanga na Mtwara, zilikuwa kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa, makazi ya wavulana. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, hazina ya wasichana waliosoma fizikia na hisabati ilikuwa haba mno kukijaza hata safu moja ya viti. Mwaka uliofuata lilikuja Azimio la Musoma, lililotaka aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuoni, ili msomi asijione mbali na mkulima. Shabaha ilikuwa njema, lakini natija yake kwa wanawake haikukusudiwa: miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya posa, ya ndoa na ya watoto, na idadi ya wanawake ikapungua hata ikabidi, mwaka 1976, wao waondolewe sharti hilo. Humo mna fundisho ambalo bado halijachakaa, nalo ni kwamba kanuni inaweza kuandikwa kwa usawa kamili, isitaje mwanamume wala mwanamke, na bado ikamwelemea mmoja kuliko mwenziwe.

Sasa na tuutazame mlango wenyewe. Katika utaratibu ulioongoza shule zetu kwa muda mrefu, kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili husoma fizikia, kemia, baiolojia na hisabati. Akiingia kidato cha tatu, hisabati na baiolojia hubaki za faradhi, bali fizikia na kemia huwa za hiari. Neno hilo hiari ni tamu kulisikia, lakini lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa maana binti wa miaka kumi na tano anayeiacha fizikia siku hiyo huwa ameiacha tahasusi ya fizikia, kemia na hisabati, ambayo vijana wote huiita PCM. Ameiacha na ile ya fizikia, jiografia na hisabati. Na kwa hayo ameuaga uhandisi wote kabla hajajua uhandisi ni kazi gani. Hata mlango wa uani, yaani stashahada katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, ambamo mtu huweza kupanda kutoka kidato cha nne hadi shahada, humtaka aje na fizikia na hisabati mkononi. Milango ni miwili, ufunguo ni mmoja.

Kwa nini auache ufunguo huo? Hisabati, kwanza, ni msiba wa taifa zima wala si wa jinsia moja: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu somo hilo walikuwa kama mtu mmoja kati ya kila watano. Lugha nayo ina sehemu yake, maana mtoto aliyejifunza kuhesabu kwa Kiswahili miaka saba huamka siku moja kidato cha kwanza na kukuta kani, mwendokasi na mkondo wa umeme vimevaa majina ya Kiingereza. Upungufu wa walimu wa sayansi na wa maabara uko wazi kwa kila mzazi aliyewahi kukaa katika mkutano wa shule. Lakini mambo hayo matatu huwapata wavulana na wasichana pamoja. Hayatoshi peke yake kueleza kwa nini katika darasa lile lile, chini ya mwalimu yule yule, wavulana wachache huponea chupuchupu na wasichana huwa wachache zaidi yao.

Nitasimulia nililoliona. Katika shule moja ya wilaya zetu, niliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili siku ya somo la umeme. Vifaa vilikuwa betri mbili, balbu ndogo, nyaya chache na amita moja, na wanafunzi walipita sitini. Mwalimu, kijana mwenye bidii ambaye simlaumu, aliviweka juu ya meza akawaita waje. Wavulana sita walifika kwanza wakaizunguka meza bega kwa bega. Wasichana walisimama nyuma yao na madaftari. Mmoja alikuwa na mwandiko mzuri kama wa mashine, naye akapewa kazi bila yeyote kuamua kuwa apewe: mvulana alisoma mshale wa amita, akatamka, "Andika, dada, sifuri nukta tatu," na binti akaandika. Kipindi kilipokwisha, jedwali safi kuliko yote lilikuwa lake, na alikuwa hajagusa waya hata mmoja.

Nilimwita nje ya darasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukuishika ile amita?"

Akacheka kwa haya. "Vile vya wavulana, mjomba. Mimi nikivikosea vikaungua, nitalipa nini?"

Katika jibu hilo fupi mna maelezo ambayo tarakimu za udahili haziwezi kuyatoa. Mvulana aliyeunga waya vibaya alichekwa, akarudia, akajifunza. Msichana alidhani kwamba yeye hana ruhusa ya kukosea. Na elimu ya mitambo, kuliko elimu nyingine zote, haijengwi ila juu ya makosa yaliyorudiwa: programu huandikwa, ikagoma, ikasahihishwa, injini hufunguliwa, ikafungwa vibaya, ikafunguliwa tena. Aliyelelewa katika unadhifu wa daftari tu, akasifiwa kwa kutokosea, huingia katika elimu hiyo akiwa amenyimwa chombo chake cha kwanza.

Wako watakaosema kwamba hilo ni suala la silika, kwamba akili ya mwanamke haikuumbiwa namba. Mwenye kusema hivyo na aende sokoni Nachingwea msimu wa malipo ya korosho, akae dakika kumi mbele ya kibanda cha wakala wa fedha za simu. Atamwona binti aliyemaliza kidato cha nne, na ambaye pengine cheti chake kina alama ya chini kabisa katika hisabati, akiwahudumia watu wanane kwa mpigo kwa mitandao mitatu; anajua makato ya kila kiwango kwa kichwa, anajua floti yake imebaki kiasi gani katika kila simu, anajua ni saa ngapi itakwisha na nani wa kumwazima, na jioni akifunga hesabu za kamisheni, shilingi haipotei. Huyo anafanya hisabati ya hali ya juu kuliko ile aliyoshindwa. Hapana aliyemwambia kwamba ni hisabati.

Dunia nayo imekwisha kutoa ushahidi wake. Mwaka 1946, Marekani ilipoitoa hadharani kompyuta yake kubwa iliyoitwa ENIAC, waliokuwa wameipangia kazi zake walikuwa wanawake sita. Katika nchi hiyo hiyo, wanawake walikuwa kama 37 katika kila wahitimu 100 wa shahada za kompyuta mwaka 1984. Kisha, badala ya kupanda, wakashuka hata wakafikia kama 18 miaka ya 2010 ilipokuwa inaanza. Akili za wanawake wa Marekani hazikupungua katika miaka ile. Kilichobadilika, wachunguzi wengi wasema, ni kwamba kompyuta iliingia majumbani ikiuzwa kama mchezo wa watoto wa kiume, na waliofika chuoni wakiwa wameichezea wakaonekana ndio wenye kipaji. Na upande wa pili wa bahari yetu, katika Oman, ambako ndugu zetu wengi wa lugha hii wanaishi, taarifa ya sayansi iliyotolewa na Unesco mwaka 2021 ilionyesha kuwa zaidi ya wanne katika kila wahitimu kumi wa uhandisi ni wanawake, hali Marekani ni kama wawili. Yeyote aliyedhani kwamba dini au mila ya Mashariki ndiyo kizuizi, na aifikirie mizani hiyo tena.

Hapo tunafika kwenye unyago, kwa kuwa kila mgeni anayeandika juu ya wasichana wa Kusini huanzia hapo na kuishia hapo. Sitauficha upande wake mzito: binti anayetoka kwa kungwi akiwa ameambiwa kwamba amekwisha kuwa mtu mzima huweza kuliona dawati la shule kuwa la kitoto, na posa hazichelewi. Sheria nayo iliyumba: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, mpaka Mahakama Kuu ilipovikataa vifungu hivyo mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019, na aliyepata mimba shuleni alifungiwa mlango wa kurudi hata waraka wa Novemba 2021 ulipomfungulia. Lakini Wamwera, wenyeji wa wilaya hizi, na jirani zao ni watu wa ukoo wa kuukeni. Mtoto wa kike kwao ndiye mzizi wa ukoo. Mjomba humwangalia mpwa wake kama mtu anavyouangalia mkorosho unaoanza kuzaa. Hivyo mwenye kudhani kwamba binti haendi mbali kwa sababu anadharauliwa amekosea njia. Mara nyingi huzuiwa kwa sababu anathaminiwa mno, na ukoo unachelea kumpoteza katika mji usiojulikana. Tena, unyago wenyewe ni chuo kinachoendeshwa na wanawake, chenye mitaala, walimu na mahafali, na hapana msichana anayetoka humo akisema kwamba somo lile ni la wavulana. Jamii iliyoweza kujenga chuo kama hicho haikosi nyenzo za kumwaminisha binti kwamba na umeme ni wake; kinachokosekana ni mwanamke wa kusimama mbele ya darasa la fizikia kama kungwi anavyosimama mbele ya wali wake.

Kadhalika fedha. Ada ya sekondari ilifutwa kuanzia 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita, na hilo ni jambo la shukrani. Lakini binti aliyechaguliwa kwenda tahasusi ya sayansi katika mkoa mwingine hupokea karatasi ya maelekezo yenye godoro, ndoo, shuka, sare, rimu ya karatasi, na juu ya yote nauli. Kidato cha tano hufunguliwa Julai, wakati ambao minada ya ufuta inaendelea. Ungedhani majira yamepangwa kwa manufaa yake. Walakini fedha ya ufuta hupitia chama cha msingi na ghala, hufika kwa siku yake yenyewe, na hufika katika akaunti ya aliyeandikishwa kuwa mkulima, ambaye mara nyingi ni baba, hata kama waliopalilia ni mama na mabinti. Basi shule ya bweni iliyo mbali, yenye maabara, hushindwa na shule iliyo karibu, isiyo nayo.

Tiba zilizojaribiwa si chache, na ni insafu kuzipima. Makerere, mwaka 1990, iliamua kumwongezea kila mwombaji mwanamke alama moja na nusu. Idadi ya wanawake ilipanda mara moja, ila wakosoaji wakaona kwamba waliofaidika zaidi walikuwa wa masomo ya sanaa na wa shule ambazo tayari zilikuwa bora, kwa sababu alama ya nyongeza haimfai asiyekuwa na somo la kuongezewa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la busara zaidi: kwanza katika sayansi, miaka ya 1990, na baadaye katika uhandisi, kiliwaita wasichana waliopungukiwa kidogo, kikawafundisha hisabati na sayansi kwa majuma kadhaa, kikawatahini, na waliofaulu wakaingia kwa miguu yao wenyewe. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, huwalipia gharama waliong'ara katika sayansi kidato cha sita. Zote hizi ni neema, lakini zote zinamngojea binti ng'ambo ya mlango. Hazimsaidii aliyebaki ukumbini.

Mradi unaokaribia zaidi mahali penye jeraha ni ule wa kuboresha elimu ya sekondari, uliopata mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2020, ambao ndani yake zimo shule 26 za bweni za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara. Shule ambayo wasichana peke yao ndio wanafunzi huondoa fumbo la nani ashike amita: hapana mwingine wa kuishika. Hata hivyo mkoa wa Lindi ulihesabiwa kuwa na watu 1,194,028 mwaka 2022, na shule moja, iwe nzuri namna gani, haiwezi kuwabeba mabinti wa wilaya zake zote. Walio wengi watabaki katika shule za kata, na huko ndiko mizani itakapoamuliwa. Vilevile mkondo wa amali, ulioanza kuingizwa sekondari mwaka 2024, utaweza kuwa ngazi au utaweza kuwa mtego, kwa kutegemea kama binti atapangiwa umeme na kompyuta, au atarudishwa kwenye cherehani na sufuria kwa jina jipya.

Na haraka iko, kwa sababu mitambo inarudi. Katika ardhi ya Ruangwa, huko Nachu na Chilalo, kuna kinywe kinachotakiwa na dunia kwa ajili ya betri, na Ntaka, wilayani Nachingwea, kuna nikeli. Migodi ikifunguka itataka wahandisi wa migodi, wa umeme na wa kompyuta, na shahada huchukua miaka minne juu ya minne ya sekondari ya chini na miwili ya juu. Wasiotoka hapa watatoka kwingine. Na binti wa Nachingwea atakuwa ameuona mtambo ukija mara ya pili, kama bibi yake alivyouona mara ya kwanza.

Kwa hiyo ningependa hesabu ihamishwe. Wakuu wa elimu wa wilaya wangehesabu kila Januari ni wasichana wangapi wameingia kidato cha tatu wakiwa na fizikia, wakailinganisha idadi hiyo na ya wavulana, wakaisoma mbele ya wazazi kama wanavyosoma bei ya mnada. Idadi hiyo haina gharama, na ingewaambia mapema habari ambayo orodha za vyuo huwaambia baada ya miaka mitano.

Nirudi kwa yule mwalimu kijana. Nilipomsimulia jibu la binti, alinyamaza kidogo, kisha juma lililofuata akawagawa: wasichana walikuja mezani peke yao, na daftari likabaki dawatini. Mwenye mwandiko mzuri alizikamata nyaya kama mtu anayeshika jongoo, akaziunga, na mshale wa amita, badala ya kupanda, ukarudi nyuma ukagota ukutani. Wenzake wakaguta kwa kicheko. Hakuna kilichoungua. Aliutazama mshale, akazitazama nyaya, akazigeuza, na mshale ukapanda. Na siku ile jedwali lake lilikuwa na mfuto mmoja mkubwa, wa wino, ambao hakujali kuuficha.